Zamu na Fungu: Kihamba Kilivyojenga Familia ya Kichagga

Kihamba ni shamba la nyumbani la Wachagga kwenye miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Kilimanjaro, katika ukanda wenye mvua ulio kati ya mita 1,000 hivi na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Juu yake ni msitu. Chini yake ni tambarare kavu ambayo wenyeji huiita porini. Ndani ya kihamba mna nyumba, zizi, migomba, kahawa, magimbi, viazi vikuu, miti ya kivuli na makaburi ya waliotangulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta kihamba cha wastani kina hekta 0.68, yaani hakifiki ekari mbili, na kwamba katika vihamba kwa jumla huoteshwa mimea ya aina zaidi ya 100.

Ardhi ndogo namna hiyo haiwezi kulisha watu wasio na mpango. Kila mkono ulikuwa na kazi yake na kila kazi ilikuwa na wakati wake. Katika historia ya vihamba, mambo mawili hujirudia kila yanapotajwa mahusiano ya ndugu. La kwanza ni zamu: nani anafanya nini, na lini. La pili ni fungu: nani anapata nini kazi ikiisha. Zamu na fungu vilipoeleweka, ukoo ulishikamana. Vilipovurugika, ndugu wa tumbo moja walishtakiana kwa mangi, yaani chifu, na baadaye mahakamani.

Mzunguko wa nyumbani

Nyumba ya zamani, hasa upande wa kati na mashariki ya mlima, ilikuwa msonge ulioezekwa kwa majani hadi chini. Watu walilala upande mmoja, ng'ombe na mbuzi upande mwingine. Ng'ombe hakupelekwa machungani, kwa kuwa nafasi ya kuchungia haikuwepo. Alifungwa ndani na kuletewa chakula. Kazi ya kumletea ilikuwa ya wanawake. Waliondoka alfajiri, wakashuka porini na mundu na kamba, wakapanda tena mlima na mzigo wa majani kichwani. Majani hayo yaliliwa na ng'ombe pamoja na vipande vya shina la mgomba uliokwisha kukatwa mkungu. Samadi ilirudi shinani mwa migomba. Mgomba ulitoa ndizi za kupika, ndizi za pombe, majani ya kufunikia na kuezekea, na shina la kumlisha tena ng'ombe yule yule.

Mzunguko huo haukuruhusu mtu kukaa nje yake. Mzigo wa majani ukikosekana siku mbili, maziwa yalipungua. Samadi ikipungua, msimu uliofuata mikungu ilikuwa midogo. Wanaume walipanda migomba, wakaitegemeza kwa nguzo isianguke kwa uzito wa mikungu, wakajenga, wakachimba mifereji na kuchinja. Wavulana walitunza mbuzi, wasichana walichota maji na kuokota kuni. Soko lilikuwa la wanawake, na hadi leo masoko ya mlimani, kama la Mwika, hutawaliwa na akina mama waliojipanga na mikungu yao.

Mfano mzuri wa kazi iliyogawanywa ni mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Ulezi ulilimwa kwenye mashamba ya chini kwa nguvu za wanaume na wanawake. Ndizi zilizoiva zilichemshwa kwa saa nyingi hadi zikageuka rangi ya udongo mwekundu, kisha zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa, ulipikwa uji mzito uitwao mso. Magome ya mti wa msesewe yalitiwa ili kuleta ukali. Wanawake ndio waliojua kipimo cha kila kitu na siku ya kuchanganya. Pombe ilipokuwa tayari, kata ilizungushwa kwa kufuata umri, wazee wakitangulia. Hivyo kinywaji kimoja kiliunganisha shamba la chini, kihamba cha juu, ustadi wa mama na heshima ya babu.

Uzazi nao ulikuwa kazi ya kikosi kizima. Mwanamke aliyejifungua alikaa ndani kwa takriban miezi mitatu bila kushika kazi nzito. Mama mkwe na wifi zake walibeba mzigo wake wa majani, wakampikia mtori, yaani supu nzito ya ndizi na nyama, na kumpa mlaso uliotengenezwa kwa damu ya mnyama. Mume alipaswa kutafuta nyama. Mke aliyehudumiwa hivyo alijua kuwa siku moja zamu ya kumhudumia mwingine ingemfikia. Majina ya watoto yalifuata utaratibu kama huo: kwa kawaida mwana wa kwanza alirithi jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, ili pande zote mbili ziwe na mtu ndani ya nyumba mpya.

Zamu ya maji

Kazi iliyozidi uwezo wa nyumba moja ilikuwa mfongo. Mfongo ni mfereji unaotoa maji kwenye korongo la mto huko juu na kuyaongoza kwa kilomita kadhaa ubavuni mwa kilima hadi vihambani na kwenye mashamba ya ulezi. Wazungu wa kwanza kuufikia mlima, akiwemo mmisionari Johannes Rebmann mwaka 1848, waliikuta mifongo ikifanya kazi. Waliochimba hawakuwa na vipimo vya chuma. Walifuata mwinamo kwa jicho na kwa maji yenyewe, wakaziba kingo kwa mawe na mabonge ya udongo wenye nyasi, na palipokuwa na bonde walivusha maji kwa magogo au mashina ya migomba yaliyochongwa katikati.

Kila mfongo ulihesabiwa kuwa wa ukoo wa mtu aliyeuanzisha. Mzee wa ukoo huo ndiye aliyeusimamia, akatambika kwenye chanzo chake na kupanga zamu. Wengine wangeweza kujiunga kwa sharti la kufanya kazi. Mfongo ulipobomoka au ulipojaa matope baada ya mvua, mbiu ilipigwa na kila nyumba ilitoa mwanamume. Asiyefika alitozwa faini, mara nyingi pombe, au alizuiwa maji hadi alipe. Aliyekuja alipewa zamu yake: wa asubuhi, wa mchana, wa jioni. Maji ya usiku yalikusanywa kwenye bwawa dogo, nduwa, na kufunguliwa kulipokucha.

Utaratibu huo ulifundisha jambo ambalo maneno peke yake yasingelifundisha. Mtu aliyeyaelekeza maji shambani mwake nje ya zamu hakuwa amemwibia mgeni. Alikuwa amemwibia binamu yake, ambaye kesho wangekuwa pamoja kwenye matope ya mfongo ule ule. Ndiyo maana ugomvi wa maji ulimalizwa kwanza na wazee wa mfongo, na ulipofika kwa mangi ulionekana kuwa aibu ya ukoo.

Fungu la nyama na jani la isale

Kama mfongo ulikuwa shule ya zamu, mchinjo ulikuwa shule ya fungu. Mbuzi au ng'ombe alipochinjwa, wanaume wa ukoo walikusanyika kihambani, na mnyama aligawanywa kwa kanuni zilizojulikana: sehemu hii kwa mkubwa wa ukoo, hii kwa mwenye mnyama, hii kwa wajomba, hii ipelekwe nyumbani kwa wanawake. Damu, utumbo na vipande vya nyama vilipikwa kisusio, kikanywewa pale pale. Vipande vilisema nani ni nani vizuri kuliko hotuba. Kijana aliyepewa fungu jipya kwa mara ya kwanza alijua amepanda daraja. Mzee aliyekosa fungu lake alikuwa na haki ya kuuliza hadharani, na aliyegawa alipaswa kujibu.

Mchinjo ulikuwa pia kikao. Madeni yalitajwa, mipaka ilikumbushwa, mashtaka ya ndani yalisikilizwa kabla mtu hajakata kipande chake. Palipokuwa na uhasama, dawa iliota mpakani. Isale, mmea wa jamii ya Dracaena wenye majani marefu ya kijani, hupandwa kuwa alama ya mpaka wa vihamba na pia penye makaburi. Jani lake likipelekwa kwa mtu aliyekosewa huwa ni ombi la msamaha, na kwa desturi ni vigumu sana kulikataa. Mmea mmoja ulionyesha hapa ndipo penye mwisho wa changu na mwanzo wa chako, na ukatumika pia kuwapatanisha waliovuka mwisho huo.

Mambo haya yaliandikwa mapema. Mmisionari wa Kilutheri Bruno Gutmann, aliyefika Uchaggani mwaka 1902, alikusanya sheria za Wachagga katika kitabu kikubwa cha Kijerumani kilichotoka mwaka 1926. Aliona jamii imefungwa kwa kamba tatu: damu, ujirani na rika, hata vijana wa kipaimara aliwapanga katika vikundi vya kusaidiana vilivyoiga vifungo vya rika. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle, mangi wa Marangu, alitoa kwa Kiswahili Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kitabu kilichoeleza mila hizo kwa jicho la mwenyeji.

Kifungua mimba, kitinda mimba na wa katikati

Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa kihamba chenyewe. Desturi iliwapendelea wawili. Kifungua mimba alitengewa ardhi alipooa na kuchukua uongozi baada ya baba. Kitinda mimba alibaki na wazazi, akawatunza uzeeni na kurithi nyumba yao. Kila upendeleo ulikuwa na kazi yake: mkubwa aliwajibika kwa wadogo na wajane, mdogo aliwajibika kwa wazee. Wa katikati walimwendea mangi, naye aliwagawia ardhi isiyolimwa.

Mpango huo uliwezekana kwa muda wote ambao ardhi tupu ilikuwepo. Kaka wa katikati hakuwa na sababu ya kumchukia mkubwa wake, kwa kuwa alipata kihamba kipya na kuanzisha tawi la ukoo huko. Msingi wa amani ya ndugu ulikuwa nafasi iliyobaki mlimani, na nafasi hiyo ilianza kwisha katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Kahawa yaingia kihambani

Wamisionari Wakatoliki walipanda kahawa Kilema katika miaka ya 1890. Wakati huo huo utawala wa Kijerumani, uliomnyonga Mangi Meli wa Old Moshi mwaka 1900, ulidai kodi kwa fedha taslimu. Familia zilihitaji kitu cha kuuza, na mibuni ilikubali kivuli cha migomba bila kuifukuza. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, chini ya Waingereza, afisa wa wilaya Charles Dundas aliwahimiza wakulima wadogo kupanda kahawa ingawa walowezi walipinga. Mwaka 1925 kilianzishwa chama cha wakulima wenyeji, KNPA, ambacho Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1933 kikafuatiwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU.

Kahawa ilitumia zamu zile zile za zamani. Msimu wa mavuno watoto walichuma buni mbivu kabla ya kwenda shule na waliporudi. Jioni mashine ya mkono ilizungushwa kumenya maganda, mmoja akimimina, mwingine akizungusha, wa tatu akitia maji. Buni zilioshwa, zikaanikwa kwenye vichanja, na mawingu yalipoanza kutanda kila aliyekuwa karibu alikimbia kuzifunika. Kikosi kilikuwa kile kile cha majani na mbege.

Fungu ndilo lililobadilika. Uanachama wa ushirika kwa kawaida uliandikwa kwa jina la baba, na malipo yaliingia mkononi mwake. Mke na watoto waliochuma hawakuwa na mstari kwenye daftari. Ndizi na maziwa vilibaki kuwa pato la mama, na nyumba nyingi zikawa na mifuko miwili: wa kahawa, wa mwaka, na wa ndizi, wa kila wiki. Mibuni, ambayo hukaa ardhini miaka mingi, iliongeza pia thamani ya kihamba na uchungu wa mpaka, kwani aliyeazimwa kipande na kupanda kahawa hakuondoka kirahisi. Hata ushirika wenyewe haukuwa bila mgogoro. Mwaka 1937, bei ilipokuwa chini na wakulima wakilazimishwa kuuza kwa chama tu, maghala yalivamiwa katika baadhi ya sehemu za mlima.

Shule badala ya ardhi

Fedha ya kahawa ililipa karo, na karo ikawa jibu la swali la kaka wa katikati. Baba asiye na ardhi ya kugawa wana watano aliweza kuwapa wawili kihamba na watatu shule. Kwa hiyo elimu iliingia katika hesabu ya familia kama fungu la urithi. Aliyesomeshwa kwa kahawa ya kihamba alikuwa na deni: kumsomesha anayemfuata. Mkubwa alilipa ada ya mdogo, mdogo akalipa ya mpwa, na mnyororo huo ukapeleka Wachagga wengi kwenye ualimu, uuguzi, biashara na ofisi za serikali nchini kote.

Baada ya uhuru, taasisi zilizosimamia zamu na mafungu zilibadilishwa moja baada ya nyingine. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, kwa hiyo hakukuwa tena na mangi wa kugawa ardhi. Operesheni ya vijiji vya ujamaa ya miaka ya 1970 haikuwahamisha watu wa mlimani kama ilivyofanya kwingine, kwa kuwa tayari walikaa kwa msongamano. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na KNCU ikarudi mwaka 1984. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa uliporomoka na bei zikaanguka. Mibuni iliyozeeka haikupandwa upya katika vihamba vingi. Nafasi yake ilichukuliwa na ndizi, mboga na ng'ombe wa maziwa, vitu ambavyo tangu zamani vilikuwa mfuko wa mama.

Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, aliyefanya utafiti mlimani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi uhaba wa ardhi ulivyogeuza mila kuwa silaha. Ndugu waliokula mchinjo mmoja walitumia kanuni zile zile za urithi kusukumana nje. Aliyeshindwa kesi ya mpaka kwa kawaida alikuwa wa katikati, mjane asiye na mwana mkubwa, au asiye na ndugu wa kumsimamia kikaoni.

Binti na kihamba

Waliobaki nje ya fungu la ardhi muda mrefu zaidi ni mabinti na wajane. Desturi ilimtegemea mwanamke kwa sehemu kubwa ya kazi za kihamba, lakini ilimhesabu kuwa mgeni kwa baba, kwa sababu ataolewa, na mgeni kwa mume, kwa sababu alitoka ukoo mwingine. Mjane alikaa kihambani kupitia wanawe.

Sheria ilianza kulegeza fundo hilo mwishoni mwa karne ya 20. Mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyokaa Mwanza iliamua, katika kesi iliyohusu mila za Wahaya, kwamba kanuni ya kimila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi ilikuwa ya ubaguzi na kinyume cha Katiba. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zikatamka kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Vihambani, mabadiliko hupitia zaidi kikao cha ukoo kuliko mahakama: wazazi wengine humtengea binti kipande wakiwa hai, mbele ya kaka zake na majirani, ili mpaka wa isale upandwe kukiwa na mashahidi.

Desemba mlimani

Desturi inayoonekana zaidi leo ni kurudi nyumbani mwisho wa mwaka. Kuanzia katikati ya Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Moshi hujaa mabasi na magari madogo, na tiketi huwa adimu. Wanaporudi, wengi hukuta kazi ikiwasubiri: kupalilia makaburi, kupaka nyumba ya bibi rangi, kurekebisha uzio, kununua mbuzi. Mchinjo hufanyika, kisusio hupikwa, na baada ya sikukuu ukoo hukaa kikao.

Kikao hicho kimechukua nafasi ya mzee wa mfongo na ya mangi kwa pamoja. Koo nyingi zina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Katibu husoma majina: nani amelipa mchango wa mwaka, nani anadaiwa, mtoto gani wa ukoo amekosa karo, mgonjwa gani anahitaji matibabu, msiba upi uligharimu kiasi gani. Wanaoishi mbali hutuma michango kwa simu na husomwa kama waliohudhuria. Anayefariki mjini kwa kawaida husafirishwa kuzikwa kihambani, na gharama hutoka kwenye mfuko huo. Faini ya asiyefika bado ipo. Zamani ilikuwa debe la mbege, sasa ni fedha.

Mwaka 2011 vihamba vya Shimbwe Juu viliingizwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa katika orodha ya mifumo ya kilimo yenye urithi wa pekee duniani. Kwingineko mlimani mifongo mingi imekauka au kuachwa, mabomba yakichukua nafasi yake, na vihamba vimegawanywa hadi vingine kubaki robo ekari. Kihamba cha ukubwa huo hakilishi tena ukoo. Hubaki kuwa mahali ambapo makaburi yapo, mchinjo hufanyika na daftari la michango husomwa. Siku katibu anapolifungua, wa kwanza kutajwa ni mkubwa wa ukoo, na wa mwisho ni mtoto aliyezaliwa mwaka huo na kupewa jina la babu yake.